Nilisema Sumaku Imeshika

Juzi niliunguza sukari ya kashata. Nilikuwa nimetoka uani kuanua nguo, na niliporudi sufuria ilikuwa yafuka moshi, jikoni kote kumejaa ile harufu inayoanza tamu halafu ikawa chungu kooni. Sikuiepua mara moja. Nilisimama nikiinusa, nikitafuta ndani yake harufu ya rangi ya mafuta ikiungua, maana sukari na rangi niliwahi kuzinusa zikiungua pamoja mara moja tu maishani, kule Junda, nikiwa na miaka tisa.

Ndiyo nikafungua daftari hili. Shule niliiachia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe sikulimaliza sawasawa, kwa hivyo mnisamehe nikienda mbele na kurudi. Nitajitahidi nisimwonee mtu. Na mimi pia nitajitahidi nisijionee, ingawa hapo ndipo pagumu.

Bwana Abubakar, mwenye duka mtaani kwetu, alileta mashine ya chingamu akaiweka kwenye benchi mlangoni. Hatukuwa tumeiona nyingine. Kichwa chake kilikuwa tufe la plastiki ngumu ya kuonea ndani, limejaa chingamu za duara za kila rangi, na chini yake kiwiliwili chekundu, kizito, chenye mkono wa kuzungusha. Siku ya kuijaza alituita tuone tumbo lake. Chini ya tufe kulikuwa na sahani yenye matundu, kila tundu la kutosha chingamu moja. Ukitia sarafu, inakaa mahali pake na kuuachia mkono. Ukizungusha, meno ya ndani yanashikana, sahani inageuka, na chingamu iliyoingia tunduni inateremka kwenye mfereji mpaka kimlangoni. Bila sarafu mkono hauendi. Na ukishaanza kuzungusha huwezi kurudisha nyuma, kuna kijichuma kinachozuia, na sauti yake ilikuwa trrk, trrk. Mimi sauti ile niliipenda kuliko chingamu yenyewe. Nilikuwa nikikaa kwenye kizingiti cha duka nisikie wenzangu wakizungusha.

Siku moja mchukuzi aliyebeba gunia la unga aligeuka vibaya, mashine ikaanguka. Tufe halikupata kitu. Kiwiliwili ndicho kilichopata ufa, kutoka kwenye kitako mpaka karibu na mkono. Bwana Abubakar akakibeba mwenyewe, akavuka njia, akamletea babangu.

Babangu alikuwa Fundi Hamisi, mchomeleaji. Alitengeneza mageti, madirisha, vitanda vya chuma, na watu walisema mshono wake hata ukiupitisha kidole huujui. Jioni akirudi nyumbani alilala chali, mamangu akamwekea vipande vya viazi vibichi juu ya macho kuyapoza. Sisi tuliona ni mambo ya kila fundi, kama vile masizi ya kwenye kucha.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa nimempelekea chai. Bwana Abubakar akasema, "Hamisi, ikiwa tayari kabla ya adhuhuri, wa kwanza kuizungusha ni huyu bintiyo. Bure." Akanipapasa kichwa akaenda zake.

Baba akakigeuzageuza kile kiwiliwili mikononi, akakipima uzito. "Kizito," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. Kulikuwa na nondo nyembamba ya katikati, ile inayoshikilia tufe na mfuniko, imeganda kutu kwa hewa ya chumvi na haikutaka kutoka. Akaiacha humo humo. Halafu akaniita.

"Rukia!"

"Abee, baba."

"Ndoo. Chukua sumaku hiyo, nitazamie kama yashika."

Mimi nilijua maana ya swali lile. Siku hizo kitu kisichoshika sumaku baba hakukigusa. Alimwambia mwenye kitu, "Hiki si changu, mpelekee fundi wa mjini," na vitu vilivyokwenda mjini vilikaa huko wiki, vingine havikurudi.

Niliiweka sumaku ubavuni mwa kiwiliwili. Ikateleza, ikaniangukia mguuni. Nikaiweka tena, ikaanguka tena. Nikaiweka chini, kwenye nati ya ile nondo, na hapo iliruka yenyewe kutoka vidoleni mwangu ikanata.

"Yashika?"

"Yashika, baba."

Uongo haukuwa, wala kweli haikuwa. Nimelifikiria hilo miaka yote na bado sijui nilitaje kwa jina gani. Nilimwambia la nati, la ubavuni nikalimeza.

Akafungua gesi, akavaa miwani yake myeusi, akawasha. Kwanza iliungua rangi, ikafanya malengelenge. Mle mferejini mlikuwa na chingamu mbili zilizokwama, nazo zikaanza kutoa ule utamu wa kuungua. Baba aliinama akingoja. Chuma kikipata moto huwa chekundu kwanza, ndipo fundi anapojua aanze. Alikuwa akingoja uwekundu. Haukuja. Kile kitu kilibaki kijivu vile vile, kikatoa moshi mweupe, na ghafla upande mmoja ukalegea kama mtu anayekaa chini kwa uchovu, ukamwagika mchangani.

Siku hizi najua ilikuwa zinki ya kumimina, si chuma. Uzito wake unakaribia wa chuma, ndiyo ukamdanganya mkononi, lakini kwa moto huyeyuka upesi, na haitoi onyo.

Kimani, kijana wa bara aliyekuwa akipiga magari rangi kibanda cha pili, alikuja kuchungulia. "Fundi," akasema, "unachomelea ama unapika uji?"

Watu wakacheka. Alisema kwa utani, na mwenye utani mzuri huwezi kumfunga mdomo. Mimi pia nilicheka. Kidogo tu, kwa sababu wote walikuwa wakicheka, lakini nilicheka, na baba alikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa.

Bwana Abubakar alipoitwa aliangalia ile takataka, akamwangalia baba. Hakupaza sauti, nami ni lazima nimpe haki yake.

"Hamisi, ndugu yangu. Hukuipima kwanza?"

Nilihisi haja ndogo ikinitoka.

"Nilipima," akasema baba. "Nilipima mwenyewe, nikakosea."

Hakunitazama. Bwana Abubakar akasema ni kudura ya Mwenyezi Mungu, akarudi dukani. Lile tufe baadaye alilitumia kuwekea njugu.

Lakini jina la Fundi Uji lilibaki. Watoto walilisema, kisha wakubwa, kisha wateja wakawa wanapita kibandani kwetu wakitazama upande wa pili. Baba alifunga kabla ya mwaka kuisha. Nataka niwe mkweli: macho yake yalikuwa yakienda hata hivyo, na pengine angefunga tu, mwaka ule au uliofuata. Pengine. Kimani naye siku tuliyomzika baba alikuwa pale tangu asubuhi, amekunja suruali, anachimba kaburi na wengine, na alilia kuliko mimi.

Nililochelewa kulielewa ni hili. Fundi wa miaka ishirini haombi mtoto amwekee sumaku. Hukwaruza rangi kwa tupa, akatazama mng'ao, akajua. Baba aliniita kwa sababu alikwaruza asione kitu, na hakuwa amemwambia yeyote, hata mamangu. Kati ya watu wote wa Junda alichagua macho yangu.

Miaka yake ya mwisho nilimchukua nikakaa naye hapa Utange, haoni kabisa. Kila kitu aliniuliza mimi. "Rukia, kumekucha?" Kumekucha, baba. "Shati hili safi?" Safi, baba. Nikisema ni safi, alilivaa, hakulipapasa hata kola. Mara nyingi nilikaa ukingoni mwa kitanda chake neno likiwa limenifika mdomoni, naye akageuza uso upande wangu, akangoja, nami nikamuuliza kama anataka chai.

Mpaka leo sijui alikuwa akiniamini, au alikuwa akinipa nafasi. Alikufa nikiwa nimetoka kumwambia kuwa mvua imekatika. Ilikuwa yanyesha bado, lakini alikuwa ametaka kulala, na mimi nilitaka alale. "Haya," akasema.