Nyumba Isiyopitisha Upepo

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa katika nyumba ya bati, pale Kibeta, enzi za Waingereza. Nimekuwa bibi sasa, na bado kuna mambo ya siku ile ambayo kichwa changu kinakataa kuyapanga.

Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Mjini Bukoba alijenga nyumba za Wazungu, jioni akarudi na mawazo yao. Yetu aliijenga kwa matofali ya kuchoma, akapaka kuta chokaa nyeupe, na ole wangu niuguse ukuta kwa mkono wenye masizi! Mimi ni mtoto wa Muleba. Nilikulia katika msonge, ile nyumba yetu ya nyasi ya mviringo, ambamo mtu huegemea popote anapochoka. Mama mkwe alikuwa bado na msonge wake nyuma ya nyumba yetu, katikati ya migomba, na mume wangu aliuonea aibu.

Lakini nyumba yake nzuri ilikuwa baridi. Ilikuwa masika, na upepo wa ziwani ulipenya pale bati linapokutana na ukuta, ukashuka moja kwa moja kitandani. Siku ya pili mtoto akaanza kukohoa. Kila mtu akawa mganga.

“Omuyaga huo utamuua,” mama mkwe alisema, akiuonyesha upepo kwa kidole kana kwamba ni jirani mbaya. “Mzazi hukaa na moto mpaka amalize siku zake. Leta kuni.”

“Moshi utaharibu chokaa, Mawe,” mume wangu akajibu, maana kwetu Mawe ni mama.

Naye dresa, yule mhudumu wa zahanati, kabla sijajifungua, alikuwa ameniagiza nifungue dirisha kila siku. Nimsikilize nani?

Mume wangu akaamua kuziba. Alipanda juu ya dari yetu ya matete, akatambaa kwa tumbo, akamwaga makapi ya kahawa gunia baada ya gunia ili joto lisitoroke. Pembeni, paa lilikoinama, mabega yake yalikataa kupita. Alinilalamikia kutoka huko juu kana kwamba mabega nilimpa mimi. Mwishowe alichukua mti mrefu, akasukumia majani makavu ya mgomba mpaka kila pengo likajaa. Akakandika udongo uliochanganywa na samadi kwenye nyufa, akatandika gunia chini ya mlango. Kisha akawasha kipande cha gome la mgomba, akazunguka nacho chumba kizima. Moshi ulipanda wima bila kuyumba. Alicheka peke yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila hawakutuambia ukiziba nyufa zote inakuwaje.

Kuhusu moto, walipatana. Mama mkwe angepata moto wake na mwanawe angebaki na chokaa yake: makaa mekundu kwenye chungu kikuukuu, bila kuni, bila moshi. Wote waliridhika, nami nikaridhika kwa kuwa wao wameridhika.

Asubuhi ya siku ya nne mume wangu alikwenda kazini. Mama mkwe aliongeza makaa, akafunga mlango, akarudi kwake kupika. Chumba kilikuwa na joto tamu. Kichwa kilianza kuniuma, nikasema ni uzazi. Mtoto hakukohoa tena. Alilala, nikashukuru. Nilimpa ziwa, hakulishika, nikasema ameshiba. Ameshiba nini? Hata hilo sikujiuliza. Nilijaribu kuinuka, magoti yakanikana.

Mama mkwe aliingia na bakuli la uji. Alimtazama mtoto, akamgusa mashavu, bakuli likaanguka. Akamnyakua na kutoka naye mbio kwenye mvua. Yule yule aliyeogopa upepo! Nilidhani amerukwa na akili. Nilimfuata nikitambaa kwenye matope, nikimtukana, Mungu anisamehe, matusi ambayo mkwe hatamki.

Nilipofika msongeni nilimkuta amempakata karibu na mlango, anampuliza usoni. Moto wa kuni ulikuwa unafuka, moshi ukinichoma macho na kujipitia zake kwenye nyasi za paa. Mtoto akakunja uso. Akalia.

Nilikaa chini. Hapa palikuwa na moshi na matundu, na mtoto yu hai. Kule hapakuwa na moshi wala tundu, na nilikuwa karibu kumzika.

“Mawe, kulikuwa na nini mle ndani?” nikauliza.

“Sijui, mwana wange,” alisema. “Hakuna aliyewahi kunifundisha hilo.” Jibu hilo lilinitisha zaidi kuliko kama angesema ni uchawi.

Mume wangu alirudi mchana, akasikiliza yote akiwa amesimama mvuani. Alichukua sururu, akaingia ndani, na tukasikia anaubomoa ukuta wake mweupe, juu ya kitanda.

“Utaleta upepo!” mama yake alimpigia kelele.

“Uingie, Mawe,” alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. “Uingie wote.”

Kila pigo la sururu lilimshtua mtoto mikononi mwangu, akalia upya. Sikumbembeleza. Nilitaka aendelee kulia.