Mguu wa Kuku Ndani ya Gari

Jumamosi nilikuwa nasukwa nywele kwenye duka moja la Waafrika pale Blacktown, huku ughaibuni, jamaa mmoja Mkenya akaingia kununua unga. Alikuwa anaongea na simu: "Natoka klabu. Mguu wa kuku nimeuacha kwa gari."

Mama mwenye duka, Mrundi aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, akadakia: "Na joto hili, mwanangu? Utaoza!"

Jamaa akacheka. "Mama, si kuku wa kupika. Ni bastola, sisi huiita hivyo. Niko na leseni, hulenga shabaha klabuni."

Mama hakucheka. "Iko na nani huko kwenye gari?"

"Iko peke yake, lakini nimeifungia kwa kisanduku cha chuma. Ni dakika mbili tu, mama."

Mama akauvuta ule unga, akauweka chini ya kaunta. "Mwizi naye anataka dakika mbili tu. Ipeleke nyumbani kwanza. Unga utakungoja."

Watu wazima hatupendi kuelekezwa, hasa tukiwa na leseni. Nikajiandaa kusikia matusi. Jamaa akatazama nje, akatazama funguo mkononi, akasema, "Sawa, mama." Akaendesha mpaka kwake Penrith.

Nywele zangu zilikuwa hazijafika nusu aliporudi, ameinua mikono mitupu kama mtu aliyekamatwa. Mama akampa unga wake, akaongeza mguu wa kuku wa kukaanga, umefungwa kwenye karatasi.

"Huu ukiusahau kwenye gari," akamwambia, "utanuka tu."