Maua Mshonaji na Makaburi ya Kijiji

Ukiuliza kijijini kwao, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Nyamwaga, nani anashona sare za shule, utaelekezwa barazani kwa mzee Machage, kwenye cherehani ya Maua. Amepanga hapo miaka ishirini na sita. Baba yake alikuwa fundi wa Pangani aliyehamia huku ujanani, lakini Maua mwenyewe ni mzaliwa wa huku. Kikurya anakiota usingizini, na mteja anayechelewa kuchukua nguo yake husemwa kwa lugha hiyo mpaka anatafuta pa kuuficha uso. Ni Mwislamu. Nyumba za Waislamu kijijini hazizidi kumi na moja, na zote ni za kupanga.

Sasa, kupanga kuna shida moja ambayo wenyeji hawakuwahi kuifikiria, maana haijawahi kuwagusa. Wakurya huzikana nyumbani. Baba analazwa karibu na zizi, mama nyuma ya nyumba, na watoto wanakua wakicheza kando ya makaburi ya babu zao. Kijiji kina josho, kina zahanati, kina uwanja wa mpira unaoteremka upande mmoja, lakini makaburi ya umma hakikuwa nayo, na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimepungua. Mwislamu akifa, alisafirishwa hadi Tarime mjini.

Ndivyo alivyosafirishwa Hamidu, mume wa Maua. Alikufa alfajiri, mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika. Gari lililombeba lilizama kwenye tope mara tatu, na mtu ambaye angezikwa kabla ya adhuhuri alizikwa kesho yake. Huyu Hamidu alikuwa mchinjaji. Kwa miaka ishirini hakuna harusi kijijini pale iliyofanyika bila yeye kuitwa achinje, ili wageni wote wale nyama bila kuulizana dini. Na siku yake ilipofika, hakukuwa na pa kumlaza. Maua alilia, lakini zaidi alikasirika, na hasira ile haikupoa.

Mama yake Maua, Bi Samira, alikuwa akiishi naye. Baada ya mazishi hayo alilisogeza sanduku lake la bati mpaka karibu na mlango. Ndani aliweka sanda yake na kanga mpya pea mbili, za kuvaa wale watakaomsindikiza. Alikuwa anakaribia miaka themanini, na kila asubuhi Maua alipofungua mlango alilikwepa lile sanduku. Alijua maana yake. Mama yake alikuwa ameshafunga safari.

Mzee Machage, mwenye nyumba, aliliona sanduku hilo siku alipokuja kumjulia hali bibi. Akamwita Maua pembeni, akamwambia kwamba Bi Samira ni mama yake pia, na siku ikifika atamzika kwenye migomba yake mwenyewe. Kwa Mkurya hilo si jambo dogo, na Maua alilijua, machozi yakamlengalenga. Hata hivyo alikataa.

"Nashukuru, mzee," alisema. "Ila hapo mama yangu atakuwa mpangaji mpaka kiyama."

Machage akaitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Alimwuliza anataka nini basi, na Maua akasema anataka serikali itenge eneo la kuzikia.

Msimu wa kupanga bajeti ulipofika, afisa mipango wa halmashauri alikuja kwenye mkutano wa kijiji kuorodhesha mahitaji. Aliitwa Felix, kijana mpole mwenye kompyuta ya mapajani na viatu visivyopenda vumbi. Watu walitaja darasa, daraja, dawa ya josho. Maua akasimama, akaomba makaburi ya Waislamu. Mkutano mzima ukaangua kicheko, maana makaburi ni ya nini wakati kila mtu ana kwao? Sauti moja nyuma ikasema wakazike kwao. Felix hakucheka, lakini jibu lake lilikuwa baridi: serikali haina dini, na yeye hawezi kuandika fedha za umma kwa ajili ya dini moja.

Neno lile la "kwao" lilimchoma Maua kuliko kicheko. Kwao wapi? Pangani amefika mara mbili tu, tena akaitwa mgeni. Lakini Maua ni fundi, na fundi nguo ikikataa kukaa vizuri hailaumu nguo, anaangalia alipokata. Usiku mmoja wa mawazo ulimtosha kukubali kwamba alikuwa ameomba vibaya. Alikuwa amewaombea watu wa nyumba kumi na moja kitu kilichokosekana kwa wengi.

Mwaka uliofuata, kila aliyekuja kupimwa nguo alipimwa na swali. Mwalimu Vicent wa Iringa, anayekaa nyumba ya shule, akifa hapa atazikwa wapi? Nesi Kezia wa Kigoma je? Walikuwa wanacheka kwanza, kisha wanakuwa wazito. Alimfikia hata Mchungaji Nashoni, mtu wa Mbeya anayeishi nyumba ya kanisa, alipoleta suruali yake ipunguzwe. Mchungaji hakucheka hata kidogo. Alikaa kwenye benchi, akasimulia jinsi maiti ya mwinjilisti wao ilivyosafirishwa siku tatu.

Felix alipokuja tena, Maua alisimama na hakuuma maneno.

"Mwaka jana niliomba ya Waislamu. Leo naomba ya kijiji. Sisi tusio na zizi wala migomba, tunaowafundisha watoto wenu, tunaowatibu na kuwavisha, tukifa mtatuweka wapi?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mchungaji Nashoni akasimama bila kuitwa, akasema huyo mama anamsemea na yeye. Halafu akasimama mzee Machage, akiegemea fimbo, akasema ni aibu kwa Wakurya kumla mgeni nguvu zake halafu kumfukuza akiwa maiti. Mikono ikanyooka, na Felix akaandika.

Bajeti haikimbii, lakini ilifika. Kwenye ubao wa matangazo kukabandikwa karatasi: makaburi ya kijiji, kupima eneo na kuweka uzio, mapato ya ndani ya halmashauri. Maua aliisoma, akaenda zake, akarudi akaisoma tena. Siku ya kupima, Felix alimtafuta yeye kwanza, akamwuliza kibla kiko upande gani, ili safu za Waislamu zipangwe sawasawa. Maua akamwonyesha kaskazini, inayopinda kidogo mashariki, na akashika mwisho mmoja wa utepe yeye mwenyewe. Watumishi wengine wa halmashauri walikuwa wamemjibu ovyo alipofuatilia, lakini siku hiyo Maua alitembea amevimba kifua, na alikuwa na haki ya kuvimba.

Bi Samira alitaka kupaona. Alitembea polepole akishikwa mkono, akagonga nguzo za uzio kwa fimbo kuona kama zimeshika, akauliza nani amelipa.

"Serikali, mama."

"Ya nani?"

"Yetu."

Bibi alizunguka, akachagua sehemu yenye upepo, akarudi nyumbani, akala ugali wote na kuomba mboga zaidi. Kisha akalifungua sanduku. Sanda akaiacha ndani. Zile kanga mpya akazitoa, pea moja akampa Maua, nyingine akajifunga mwenyewe.

"Hili lirudishe uvunguni," alisema. "Sisafiri tena."