Pushi mu Kamyo ya Samaki

Bwana yangu hakukuwa mwoga. Alirukia magari ya reli wakati inatembea. Siku moja mulevi alimutolea kisu ku soko, bwana akamunyanganya, akarudi nacho nyumbani, na ni kile kisu njo nilikatia nyanya miaka yote. Lakini mama yangu, kamwanamuke kafupi kenye kulikuwa kanakausha samaki kule Kasenga, ule alimuogopa kuliko simba.

Musicheke, bajukuu bangu. Desturi ilikuwa vile. Kwetu ku Luapula, mwanaume mwenye kuoa mutoto yako, tunamuita shifyala, hawezi kukuangalia mu macho. Hawezi kula mbele yako. Hawezi kukanyaga mu nyumba yako mpaka siku bamama bamupikie, bamuingize na nyimbo. Akikutana na mama-mukwe mu njia, anaingia mu majani, hata kama amevaa kostimu. Na kwabo bwana, kule kaskazini, mambo ya bukwe ilikuwa kali zaidi.

Alinioa huku Élisabethville, mu kanisa, mama hayuko. Basi konje yake ya kwanza, likizo ya kazi, ilipofika, nikamuambia: "Bwana, tunaenda Kasenga. Mama anione nimekuwa bibi ya muntu."

Akaangalia chini ya meza. Akasema: "Na pushi?"

Pushi ni paka. Tulikuwa na moja ya rangi ya majivu, sikio limepasuka, na kiburi kama bibi ya muzungu wa kule Golf, mutaa ya batajiri. Ilikuwa inalala ku shingo ya bwana.

"Pushi itabaki," nikasema. "Ikule panya."

"Panya ikiisha?"

"Jirani atailisha."

"Ule? Ule iko na mbwa."

"Basi tumuachie katekista."

"Katekista anafunga siku mingi sana, pushi itakonda."

Kila mulango nilifungua, yeye alifunga. Juma yote vile! Nilikuwa nimeisha kununua kitenge ya mama, nimeisha kusuka kichwa, na safari yangu ilikuwa inakufa juu ya munyama mwenye hata kanisa haiingie. Nikaenda kulia kwa jirani, mama mumoja wa Kasai mwenye kuuza mikate. Alinisikiliza, mikono mu unga, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Mudogo yangu, weye iko mujinga kweli. Unafikiri anahurumia pushi? Bwana yako anaogopa mama yako!"

"Yaya, usimutukane."

"Simutukane. Beba ile pushi, utaona uso yake."

Nikarudi nyumbani, nikatia kitunga yenye kifuniko juu ya meza. "Pushi inaenda," nikasema.

Ah, ule uso! Kama muntu mwenye kuuza mbuzi na mbuzi imerudi. Akachukua kofia yake na akaanza kufunga valizi.

Sasa mutaniuliza tulipanda nini. Kamyo ya samaki! Ilileta samaki huku mjini, ikirudi Kasenga ilibeba bantu, na mbao yake ilikuwa imekunywa harufu ya samaki mpaka ndani. Pushi ilivuta pumzi moja tu, ikapata wazimu. Ililia, iliimba, ilipiga kitunga kwa kichwa. Abiria mumoja akauliza: "Bwana, munabeba pushi ao munabeba pepo?" Mwingine akajibu: "Acha, inaenda kuoa." Kamyo yote ikacheka. Bwana alikumbatia kile kitunga, jasho inamutoka, na mimi nilicheka mpaka nyuzi za kichwa zikafunguka.

Tulifika kwa mama juu ya jua kali. Bwana alishuka upande mwingine wa kamyo, kofia mpaka ku pua, tayari kukimbia kwa mujomba wangu kwenye alikuwa atalala. Lakini kutoka kwa mama upepo ulileta samaki yake yote yenye kuanikwa. Kifuniko kikaruka. Pushi ikapita kama jiwe, ikabeba samaki kubwa sawa yenyewe, ikaingia nayo mu nyumba.

"Mwizi!" mama akalia. Akashika muiko, akaifuata. "Leo nakuua!"

Na bwana yangu, kusikia "nakuua", akasahau desturi, akasahau bababu. Akakimbia, akaingia mulangoni!

Nilishika kichwa. Bamama ba jirani bakakuya mbio, na tukachungulia. Mama amesimama na muiko juu. Bwana iko chini, ametoka mu uvungu wa kitanda, na kwa haya ameinua pushi mbele ya uso wake ili asimuone mama-mukwe. Pushi njo ilikuwa inamuangalia mama, samaki mu mudomo.

Kisha mama, kwa adabu yote, akaongea na pushi.

"Weye pushi. Ambia bwana yako, nani alimuingiza hapa?"

Nyuma ya manyoya sauti kidogo ikajibu: "Pushi, ambia mama... ni weye."

Mama akatupa muiko. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Bamama, shifyala ameingia! Mwenye kuingia ameingia. Pikeni!"

Vigelegele ilipasua masikio. Kuku ikachinjwa, bukari ikasongwa, bakaimba nyimbo yote ya kumuingiza, nyuma ya mambo lakini bakaimba. Mangaribi bwana akakula mbele ya mama, macho mu sahani, na kichwa ya samaki alirusha chini ya meza kwa mwenye kumuingiza.

Siku ya kurudi nilikuwa nimeisha kukaa juu ya kamyo na valizi. Shofere anapiga honi. Bwana na mama bamesimama mu njia, kitunga katikati, kila mumoja anavuta.

"Pushi inabaki, mukwe. Imezoea samaki."

"Mama, ile ni pushi yangu!"

"Ilikuwa yako. Ilikula samaki yangu, itanilipa panya."

"Mama, unaniibia muchana kweupe!"

Bwana yangu anamuangalia mama yangu mu macho, anapiga kelele, mama anapiga kelele kuliko yeye, na shofere anatukana bote bawili. Nikamuambia shofere azime mashini, tungoje. Nilikuwa sina haraka.