Jino la Mbwa Wetu

Baba alimrushia nyani jiwe. Mbwa wetu akalidaka hewani, na jino lake refu la juu likakatika. Hapa Murungu, mahindi yakishabeba, mbwa asiyeweza kuwauma nyani shambani hana kazi, na asiye na kazi hawekewi ugali.

Nilimfunua mdomo. Katikati ya jino palikuwa na kitone chekundu, ile nyama laini yenye mishipa. Sikusomea udaktari, najifundisha kwenye simu. Nikapata utafiti wa Kiingereza: mbwa walitobolewa meno hadi kwenye nyama hiyo, kisha wengine wakafunikwa kwa dawa ya chokaa, wengine kwa saruji ya meno, wengine wakamulikwa leza kwanza. Ikalinganishwa ipi inaponya vizuri zaidi.

Mimi siwezi kuvuka sentensi ambayo sijaielewa sawasawa. Nilitafsiri, nikafuta, nikatafsiri tena. Siku zikapita, kile kitone kikageuka cheusi.

"Unamsomea mbwa?" baba alicheka. "Mimi baba yako nina mawili yameoza, hujanisomea hata ukurasa."

Nikampakia mbwa kwenye bodaboda hadi Kibondo, kwa bwana mifugo. Nilimweleza yote: chokaa, saruji, leza. Nilijieleza kama niko kwenye mtihani.

"Mwanangu," alisema, "hapa nina dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Hilo la leza nalisikia kwako."

"Basi ling'oe jino, mzee."

"Mzizi wake ni mrefu kuliko unachokiona, na dawa ya kumlaza usingizi sina. Mrudishe. Akigoma kula kabisa, nipigie nije nimpumzishe moja kwa moja."

Nikiwa nasubiri bodaboda ya kurudi, nilimalizia utafiti. Aya ya mwisho kabisa ilieleza walivyojua dawa ipi imeshinda: waliwaua mbwa wote, wakakata meno vipande vyembamba, wakavitazama kwa hadubini. Wangu alikuwa ameegemeza kichwa mguuni pangu, mate yananidondokea kiatuni.

Jioni nikamlowekea ugali. Akala kidogo kidogo, kichwa amekiinamisha.

"Anatafuna upande mmoja," baba alisema.

"Ndiyo, baba."

"Sasa nani atawaambia nyani waje upande huo?"

Nyani wakaanza kubweka kule bondeni, na mbwa akaacha chakula, akasimama. Nikamshika shingo kwa mikono miwili. Alikuwa ananivuta.