Mume wa Cucu

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Kwa hiyo Cucu, mama mzaa baba, aliniita mume wake tangu nikivaa nepi. Alikuwa amewasomesha wanawe wote kwa vibarua vya kuchuma kahawa. Magoti yalipomshinda, walitaka ahamie kwao Ruiru, lakini kila aliyekwenda kumchukua nyumbani kwake Makongeni alifukuzwa. Mwishowe wakanituma mimi, wakidhani mume atasikizwa.

"Mke wangu," nikasema, "funga virago."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Babu yako alijaribu kuniamuru siku moja. Akalala njaa."

"Cucu, utaanguka ukiwa peke yako hapa."

"Peke yangu vipi, na nina mume?" Akasogeza kigoda upande wa pili wa jiko. "Mume hukaa na mkewe. Kalete nguo zako, na blanketi pia. Langu sigawi."

Nilihamia kwake Jumamosi iliyofuata. Nilikaa naye mpaka tulipomzika, na muda huo wote Cucu alimweleza kila mgeni aliyeingia kanisani kwamba yule kijana mwenye miwani aliyeketi kando yake ni mume wake, mvivu lakini hanywi pombe.