Kuni za Chai ya Maombi

Majirani zake mtaani Kiamunyi humwita Daktari Chesang, na wako wanaobisha langoni wakitaka dawa ya kikohozi. Yeye hutibu miti. Ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza maabara ya magonjwa ya miti anakofanya kazi, na akiulizwa sayansi aliianzia wapi, hujibu, "Nyumbani kwetu Elburgon, chini ya kitanda." Watu hucheka wakidhani ni mzaha.

Baba yake, mzee Kosgei, alikuwa mpasuaji katika kiwanda cha mbao. Kila gogo lililoingia aliligonga kwa mgongo wa shoka na kutega sikio. Likiitika kama debe tupu, alilisukuma kando, limeoza ndani. Chesang alijua kusikiliza magogo kabla hajajua kusoma. Alipofika kidato cha pili akang'amua jambo lililowapita wazee wote wa msumeno: magogo mabovu yalitoka upande mmoja wa msitu, na yote yalikuwa na utando uleule mweupe. Kwa miaka miwili alikata vipande, akaviandika tarehe na mahali kwa penseli, akavikausha, akavipanga kwenye katoni chini ya kitanda. Sitini na vitatu. Bwana Ogada, mwalimu wa bayolojia, alipoviona alishika kichwa.

"Wewe! Hata watu wa forest hawana hii kitu. Lazima ifike mashindano ya sayansi, national!"

Hakuna msichana wa shule yao aliyewahi kufika huko.

Safari ilikuwa Jumatatu. Jumapili, kama ilivyo desturi, kanisa lilikuja nyumbani kumwombea. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, kuni zimelowa chapachapa, na wageni arobaini hawaombi bila chai. Mama akainama chini ya kitanda, akakuta vipande vikavu vya mti uliooza.

Chesang alirudi kutoka kuazima vikombe, akakuta jiko linanguruma. Kipande kimoja tu kilikuwa bado sakafuni, maandishi yake yanasomeka.

"Mama, umefanya nini?"

"Si ni kuni tu? Kesho nitakuokotea zingine. Kuja, pastor anangoja."

Akapiga magoti. Wakamwekea mikono, wakamsihi Mungu amfungulie milango, naye akawachukia wote, mmoja mmoja.

Kwenye mashindano alisimama na daftari na kile kipande kimoja. Jaji akatabasamu. "Hadithi nzuri, binti. Ushahidi uko wapi?"

Miaka minne baadaye ugonjwa ulikuwa umeumaliza upande ule wa msitu. Kiwanda kikafungwa, Kosgei akakaa nyumbani, masikio yake hayana tena cha kusikiliza. Chesang alisoma kwa hasira hadi shahada ya mwisho, na hasira haikuisha.

Krismasi iliyopita mama aliwaita wageni, akamshika bega. "Huyu tulimwombea hapa hapa! Si mnaona Mungu alivyojibu?"

Chesang, ambaye hajanywa chai ya nyumba hiyo tangu siku ile, akasema amina.